Izakaya kwa mtu asiyekunywa: niliyoyaona Kobe, 2015 hadi 2018

Salaam wakuu. Dada aliyeleta mada anasema mdogo wake anakwenda Osaka mwezi wa nne kuanza kazi kwenye kampuni ya mitambo, na tayari wameshamwandikia kwamba wiki ya kwanza atafanyiwa hafla ya kumkaribisha kwenye izakaya, yaani duka la Kijapani la kunywa na kula. Kijana ni Mwislamu, hanywi pombe, hali nguruwe. Anauliza aende au asiende, na akienda ajiwekeje. Mdau mmoja hapo juu kajibu kwamba ile ni baa kama baa nyingine zote, asikanyage. Mwingine kasema ni mgahawa wa kawaida tu, ale na kuondoka. Kila mmoja kashika upande wake, lakini izakaya yenyewe iko katikati ya hayo mawili, na hapo katikati ndipo kijana atakapokaa. Kwa hiyo naomba mnivumilie niandike kwa urefu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilifika Kobe, mji jirani na Osaka, mwishoni mwa mwezi wa tisa 2015 kwa masomo, halafu nikafanya mafunzo ya kazi kwenye kampuni moja, nikarudi nyumbani mapema 2018. Pombe sijaionja maishani. Pamoja na hivyo, kwa kipindi hicho nilikaa izakaya mara nyingi sana, na marafiki niliobaki nao Japani mpaka leo karibu wote niliwapatia humo.

Nianze na penye uzito, yaani dini. Wapo masheikh wanaosema wazi kwamba meza inayonywewa pombe Mwislamu asiketi, na wana ushahidi wao. Ndugu yangu mmoja wa Unguja, tuliyekuwa tukikutana Ijumaa pale msikiti wa Kobe (msikiti wa kwanza kujengwa Japani, 1935, ulipona mabomu ya vita na ukapona tetemeko la 1995), alishika msimamo huo tangu siku ya kwanza. Alimweleza mkuu wake wa kazi kwa adabu kwamba usiku hatakwenda, lakini chakula cha mchana atakuwa nao kila wanapotaka. Wakamwelewa. Wakawa wanamtoa mchana, na sikusikia hata siku moja kwamba alitengwa. Mimi niliamua kwenda, kwa sharti kwamba sinywi, siagizi pombe wala simmiminii mtu. Sitamwambia mdogo wako yupi kati yetu alipatia. Hilo aliamue mwenyewe na walimu wake, lakini aliamue kabla hajapanda ndege, maana mezani hakuna nafasi ya kufikiri.

Sasa, izakaya ni kitu gani. Neno lenyewe lina vipande viwili: "i" ni kukaa, "sakaya" ni duka la kuuza sake, ile pombe ya mchele. Zamani za Edo, enzi yenye jina la kale la mji wa Tokyo, mtu alikwenda dukani na chombo chake, akapimiwa, akarudi kwake. Baadaye maduka yakaanza kuwaachia wateja wanywe palepale, kisha wakawawekea na vitu vya kutafuna, ndipo likazaliwa duka la pombe la kukaa. Kobe historia hiyo unaipita kwa treni kila siku: pwani ya mashariki ya mji, kuelekea Nishinomiya, ndiko Nada, nchi ya viwanda vya sake tangu mababu, na mapipa yake yalikuwa yakipelekwa Edo kwa jahazi. Nimeyataja haya kwa sababu chakula cha izakaya kilianza kama kisindikizo cha pombe, na ukilijua hilo mengine yote yanaeleweka. Sahani ni ndogo. Vitu vina chumvi. Hakuna anayeagiza sinia lake peke yake. Kila kinachokuja kinawekwa katikati, mnachota kidogo kidogo huku mnazungumza, mnaagiza tena, mnazungumza tena, kwa muda wa saa mbili au tatu. Ukiangalia mwendo wake utaona unafanana zaidi na baraza ya jioni ya kwetu kuliko mgahawa, isipokuwa hapa kuna jiko na kuna bili.

Mara ya kwanza nilipelekwa na mwenzangu wa maabara, kwenye kiduka kilichojibana chini ya reli karibu na stesheni ya Sannomiya. Nje taa nyekundu ya karatasi, mlangoni kipazia kifupi cha kitambaa unachokiinamia kuingia. Ndani kaunta ya viti vinane na meza mbili. Treni ikipita juu, glasi zinatetemeka na hakuna anayeshtuka. Ukiingia tu wafanyakazi wote wanapaza sauti kukukaribisha, hata aliye jikoni na kisu mkononi. Unakaa, unaletewa kitaulo kilichokunjwa, cha moto wakati wa baridi. Hicho ni cha kufuta mikono. Kisha, bila mtu kuagiza chochote, kinawekwa mbele yako kibakuli kidogo, siku ile kilikuwa na figili iliyochemshwa na dagaa wawili watatu juu. Nikajua ni takrima ya mgeni, nikashukuru kwa moyo wote. Kwenye bili nikaikuta: yeni 300 kila kichwa.

Kibakuli hicho kinaitwa otoshi, na huko Osaka na Kobe wengi wanakiita tsukidashi. Si wizi, ni kama kodi ya kiti, na izakaya nyingi zinacho, kuanzia yeni 300 hadi 500 hivi. Asibishane nacho. Lakini ndani yake huwekwa chochote alichopika mwenye duka siku hiyo, na mara nyingi kimepikwa na mirini, ile pombe tamu ya kupikia, au kina nyama. Mimi nilikuwa nakisogeza kwa jirani, na hakuna jirani aliyewahi kukataa.

Hapo kwenye mirini ndipo penye mtego mkubwa kuliko nguruwe. Nguruwe utamuuliza na watakwambia. Mirini na sake ya kupikia ni kama chumvi kwao, hawazihesabu kuwa pombe. Zimo kwenye mchuzi wa kupaka mishikaki unaoitwa tare, zimo kwenye karibu kila kitu kilichochemshwa, zimo kwenye rojo la tofu (jibini la soya) ya kukaanga. Ukimuuliza mhudumu kama chakula kina pombe atakujibu kwa nia njema kabisa kwamba hakina. Uliza kwa jina: mirin? Nguruwe naye anaingia kwa mlango wa nyuma. Saladi ya viazi, ambayo ni chakula cha izakaya hasa na inaonekana haina hatia, huwa na vipande vidogo vya ham, ile nyama ya nguruwe. Mimi niliila vijiko viwili usiku mmoja kabla sijaona kile kitu cha waridi ndani ya viazi. Na mafuta ya kukaangia ni yaleyale kwa kila kitu, chipsi na nguruwe pamoja, kwa hiyo vya kukaanga niliviacha vyote. Kushikatsu, mishikaki ya kukaanga ambayo Osaka inajivunia, hasa mtaa wa Shinsekai, iliniponyoka kwa sababu hiyohiyo.

Kuku je? Watu wengi wakisikia izakaya wanafikiria yakitori, mishikaki ya kuku, na kweli harufu yake ndiyo inayokuvuta barabarani. Kuku wa kawaida wa Japani hachinjwi Kiislamu, hivyo mimi sikumla nje ya nyumba. Duka la halali liko jirani na msikiti, nikimtaka nanunua pale na kupika mwenyewe. Lakini kumtazama mpishi wa yakitori ni raha ambayo haina haramu. Yule mzee wa chini ya reli alitumia binchotan, mkaa mgumu wa mwaloni ambao sifa yake iko Wakayama, si mbali na Osaka. Ukigonganisha vipande viwili vinalia kama chuma. Hautoi moshi mwingi, moshi unaouona ni mafuta ya kuku yanayodondokea. Anapepea kwa kipepeo, anageuza vijiti kwa ncha za vidole, na hachanganyi: paja peke yake, ngozi peke yake, moyo peke yake, gegedu la kidari peke yake, na firigisi, ambayo nyumbani kwetu ina mwenyewe na watoto hawaigusi, pale mtu yeyote anaagiza vijiti viwili na anapewa. Kila kimoja kina jina lake na dakika zake za kukaa motoni. Kwa mdogo wako, kama yeye kuku anakula, aseme "shio de onegaishimasu", yaani anaomba ya chumvi, ili akwepe ule mchuzi wa mirini.

Mimi niliokolewa na samaki. Mtu wa pwani akikaa kaunta ya izakaya nzuri ya Kobe hakosi cha kula. Wana vibua, wanawaita saba, wanawakata mkato wa msalaba kwenye ngozi, chumvi inanyunyizwa kutoka juu ili ienee sawa, wanawekwa motoni upande wa ngozi mpaka ngozi inatoa malengelenge na mafuta yanalia. Vinaletwa na kilima cha figili iliyokunwa na kipande cha limau, basi. Hakuna bizari, hakuna kitunguu saumu, hakuna ukwaju. Nilipoletewa mara ya kwanza nilidhani mpishi kasahau viungo. Nilipokula nikaelewa kwamba hakuna kilichosahauliwa: kama samaki amevuliwa leo na chumvi imekaa sawa, kiungo kingine kingemfunika tu. Nilimwomba mzee amtandikie samaki wangu karatasi ya foili asigusane na wavu wa nyama. Hakuniuliza kwa nini. Safari ya tatu alishaitandika kabla sijafungua mdomo.

Na pweza. Magharibi ya Kobe, dakika chache kwa treni, kuna Akashi, pale penye daraja kubwa lililofunguliwa 1998. Mlango-bahari wake una mkondo mkali, na Wajapani wanaamini pweza anayeishi kwenye mkondo ule ndiye mtamu kupita wote. Kwetu pweza tunampiga, tunamchemsha mpaka alainike, tunamtia nazi, au tunamkausha na kumchoma. Wao wanamsugua chumvi kwa muda mrefu mpaka ute wote utoke, wanamchemsha kidogo sana, wanamkata vipande vyembamba vyenye mawimbi ubavuni ili sosi ya soya ishike. Bado anakaza kidogo ukimtafuna, halafu utamu unakuja nyuma, pole pole. Nilimweleza mzee kwamba kwetu kina mama huingia baharini maji yakitoka, na kijiti cha chuma mkononi, wakawatoa pweza mashimoni. Akaacha kugeuza mishikaki, akaniuliza kijiti kina urefu gani. Tukaongea pweza usiku mzima, kwa Kijapani changu cha kuungaunga na mikono yake. Pembeni yangu watu walikuwa wanakunywa, na glasi yangu ilikuwa na chai.

Vingine vya kuaminika: edamame, soya changa zilizochemshwa na maganda yake na kunyunyizwa chumvi, unaminya ganda mdomoni na kuliacha kwenye sahani, tofu baridi yenye tangawizi na majani ya kitunguu, samaki wabichi, kama anawaweza, matango na kabeji, na mwishoni kabisa wali, ama tonge lililofungwa kwa mwani (si mwani wa Paje, ni jamii nyingine, wanaukausha kama karatasi) ama wali uliomwagiwa chai ya moto, ochazuke. Wali ndio wa kufungia. Ukiuagiza mwanzoni watakuletea, lakini wenzako watadhani una haraka ya kuondoka.

Nimesema glasi yangu ilikuwa na chai. Hapa msome vizuri, maana ndipo nilipopatwa. Chai ya uroncha, ya baridi, rangi ya kahawia, ndiyo kinywaji cha wasiokunywa kwenye izakaya karibu zote za Japani. Ipo kila mahali na haimshangazi mtu. Sasa kuna kinywaji kingine kinaitwa uronhai: ni chai hiyohiyo imechanganywa na shochu, pombe kali. Rangi ileile, glasi ileile, barafu ileile. Tulikuwa watu kumi na wawili, mhudumu kijana kaja na sinia limejaa, anaziita huku anazipitisha kwa mikono ya watu, na jina moja na jingine katika kelele ile yanasikika sawa. Glasi ikanifikia. Niliinua, na kabla haijagusa midomo pua ikaniambia hapana. Harufu ilikuwa nyembamba, kama ya dawa ya kusafishia kidonda. Nikaiweka. Dada mmoja wa ofisini aliyekaa mkabala nami akaona uso wangu, akanusa ya kwake, akanipa ile na kuchukua hii, akamwita mhudumu na kumwambia kwa upole lakini kwa uzito kwamba mtu huyu hanywi kabisa. Tangu siku hiyo nikawa na kanuni yangu: nanusa kwanza, kila glasi, kila mara. Kuna maduka yanaweka kijiti cha kukorogea kwenye glasi zenye pombe ili kutofautisha, lakini si yote, asitegemee hilo. Au aagize koka, maji ya machungwa, au ile soda ya kijani yenye ladha ya tikiti wanayoiita meron soda, na hizo nazo azinuse kwanza.

Tuje kwenye hafla yenyewe, nomikai. Mwezi wa nne ndio mwanzo wa mwaka wa kazi Japani, kwa hiyo karamu za kuwakaribisha wapya zinafanyika kila ofisi, na izakaya zinajaa mpaka mlangoni. Akifika asikimbilie kiti. Kiti cha mbali na mlango ni cha mkubwa, cha karibu na mlango ni cha mdogo, ambaye ndiye huita mhudumu na kupokea sahani. Yeye akiwa mgeni rasmi wanaweza kumweka ndani, asubiri aambiwe. Kama ni chumba cha mikeka ya tatami, viatu vinavuliwa, kwa hiyo siku hiyo avae soksi zisizo na matundu. Vinywaji vikifika hakuna anayegusa. Mtu anasema maneno machache, wote wanainua glasi na kusema "kanpai", ndipo mnakunywa. Kwenye kugonganisha, glasi ya mdogo iwe chini kidogo ya glasi ya mkubwa, ukingo kwa ukingo. Nilipenda sana jambo hili, ni shikamoo ya glasi.

Na hapo kwenye kanpai ndipo maswali yote yanapoishia. Raundi ya kwanza kwa desturi karibu kila mtu anachukua bia ya pipa ili vifike pamoja, wanasema "toriaezu nama". Yeye aseme mapema, uso mkunjufu, "uroncha kudasai". Wakiuliza, aseme "osake wa nomemasen". Maana yake siwezi kunywa. Nilijaribu mwanzoni kueleza kwamba sitaki, au kutoa darasa la dini katikati ya kelele, na niliona nyuso zinababaika. "Siwezi" inapokelewa palepale. Wajapani wenyewe wengi miili yao haipatani na pombe, wanawiva uso mwekundu kwa glasi moja, kwa hiyo meza nyingi zina mtu mwingine anayekunywa chai. Baada ya kanpai hakuna aliyetazama tena ndani ya glasi yangu. Wanachotazama ni kama unacheka nao, kama umempa jirani sahani ya samaki, kama umekaa.

Vijiti vya kulia: makosa madogo yanasamehewa, mawili hayapendezi. Usivisimike wima kwenye wali, na usimpokeze mtu chakula kutoka kijiti hadi kijiti. Yote mawili ni mambo ya msibani. Wali wenye vijiti vilivyosimama anawekewa marehemu, na mifupa baada ya kuchomwa maiti ndiyo inayopokezanwa kwa vijiti na ndugu. Ukitaka kumpa mtu, weka kwenye kisahani chake.

Moshi wa sigara nilioukuta 2015 ulikuwa unakata pumzi, nguo nilikuwa nazianika nje usiku kucha. Sheria ilibadilika Aprili 2020, sehemu nyingi hawavuti tena ndani, ila viduka vidogo vya zamani bado vinaruhusiwa na huwa na bango mlangoni. Umri wa kunywa ni miaka 20. Na asipande kamwe gari la mtu aliyekunywa, kule hata abiria anashtakiwa, na hata baiskeli inahesabiwa. Kwa kuwa yeye hanywi wanaweza kumwomba awe dereva wa wote, wana jina lake kabisa, handoru kipa. Kama hana leseni inayokubalika Japani akatae.

Pesa. Kuna kulipia ulichoagiza, na kuna kozi: bei moja kwa kichwa, chakula kimepangwa, na vinywaji bila kikomo kwa dakika 90 au 120, inaitwa nomihodai. Hafla za ofisi karibu zote ni kozi. Wakati wangu zilikuwa kati ya yeni 3,000 na 5,000, na yeni moja ilikuwa kama shilingi 20 zetu, kwa hiyo yeni 4,000 zilikuwa shilingi 80,000 kwa chai na edamame. Iliniuma, sifichi, maana mnagawana sawa na asiyekunywa analipa kama aliyekunywa glasi nane. Mgeni anayekaribishwa mara nyingi halipi siku hiyo, na wakubwa huongeza zaidi kuliko wadogo, lakini aende na fedha taslimu. Akienda na marafiki wa rika lake kuna maduka ya bei moja. Torikizoku, iliyoanzia upande huohuo wa Osaka mwaka 1985, nilipofika kila kitu kilikuwa yeni 280 kabla ya kodi, sasa imepanda lakini bado unajua unachodaiwa kabla ya kuagiza. Bakshishi haitolewi. Ukiacha sarafu mezani watakukimbilia barabarani kukurudishia.

Sehemu pekee niliyoibiwa kwa macho yangu ni pale tulipomfuata kijana aliyesimama njiani anatupungia karatasi ya punguzo, Jumamosi usiku. Juu ghorofani nusu ya menyu haikuwa na bei, na bili ikaja na ada ya kiti, ada ya wikiendi na ada ya huduma. Tulilipa yeni 6,000 kila mmoja, na tulikuwa tumekula vipande vya tango. Anayekuvuta barabarani, mpite bila kusimama, popote pale.

Jambo la mwisho ndilo ningelitanguliza kama angekuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Kila hafla ina mratibu, anaitwa kanji, kwa kawaida ni kijana wa ofisini aliyebebeshwa kazi ya kuchagua duka, kuhesabu watu na kukusanya pesa. Yeye ndiye anayepanga kozi siku kadhaa kabla. Ukimwambia mezani kwamba huli nguruwe, chakula kimeshapikwa, utamwaibisha na wewe utalala njaa. Ukimwambia wiki moja kabla, atapiga simu dukani na atakupigania. Juni 2017 hafla ya idara yetu iliangukia Ramadhani. Nilimwambia kanji kwamba nitakuja lakini sitakula mpaka jua lizame, wasinisubiri. Akaandika kitu kwenye simu yake, akanyamaza. Ilikuwa ianze saa kumi na mbili na nusu. Jioni yake tukapata ujumbe wote kwamba muda umesogezwa hadi saa moja na dakika kumi. Nilipofika nikakuta mbele ya kiti changu maji ya vuguvugu, kibakuli cha edamame, na samaki wa chumvi kwenye foili. Watu kumi na tisa wamekaa na bia zinayeyusha povu, hakuna aliyegusa. Mkuu wa idara akatazama saa yake, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ndogo kama tayari. Nikaitikia kwa kichwa, nikanywa maji, ndipo wakasema kanpai.

Kwa hiyo, dada, akifika tu aulize kanji ni nani, amfuate mwenyewe, amwambie hivi: "Butaniku to osake ga dame desu. Mirin mo dame desu. Sakana wa daijobu desu." Nguruwe na pombe siwezi, mirini pia, samaki sawa. Aiandike kwenye karatasi kwa maandishi yao, aiweke kwenye pochi, mimi ya kwangu ninayo mpaka leo. Kama ana swali kuhusu mitaa ya Osaka au Kobe, aliandike hapahapa nitajibu.